Noti iliyopasuka si noti ya bandia

Tuchukue mfano ambao mkaaji yeyote wa Haut-Katanga ataufahamu haraka. Mchimbaji mmoja wa Mitwaba anauza kasiterite aliyoihangaikia kwa majuma mawili. Mnunuzi anamlipa jioni, ndani ya nyumba yenye taa moja: noti ya dola 100, na franka za kumalizia hesabu. Mchimbaji anaikunja ile noti mara nne, anaificha ndani ya nguo, anarudi kwake akiwa na furaha. Siku chache baadaye anapanda lori kuja Lubumbashi kununua mabati na kulipa deni la masomo ya mtoto. Dukani, mwenye duka anaipokea noti. Haipapasi karatasi, haiinui kwenye mwanga, wala hatazami rangi ya namba zake. Anapitisha macho kwenye kingo tu. Anaona mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto. "Yaya, hii haitembei," anasema, na kuirudisha.

Mchimbaji anakwenda duka la pili, halafu la tatu. Jibu ni lile lile. Mwishoni anafika kwa kambisti aliyekaa kando ya barabara, meza yake imejaa franka zilizofungwa kwa mipira. Huyo anaikubali, lakini kwa bei yake mwenyewe. Mchimbaji anaondoka na pungufu, na katika safari hiyo yote hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba noti yake ni ya bandia. Haikuwa ya bandia. Ilikuwa dola 100 kamili.

Sasa tuongeze mtu wa pili kwenye duka lile la kwanza. Amevaa vizuri, ana haraka, anatoa noti ya dola 100 iliyonyooka kama imetoka kupigwa pasi. Mwenye duka anatazama kingo, anaona ni safi, anaipokea na kumrudishia chenji. Kesho yake, kwenye kaunta ya benki, mashine inaitema. Ni karatasi tu.

Mambo haya mawili yanatoka katika kosa moja. Sokoni kwetu tumechanganya maswali mawili ambayo hayana undugu. La kwanza: je, noti hii ni ya kweli? La pili: je, noti hii ni safi? La pili tumejifunza kulijibu kwa ukali sana, na la kwanza tumeliacha kwa bahati. Anayelipia kosa hilo zaidi ni mtu aliye mbali kabisa na kaunta ya benki: mkulima, mchimbaji na mama muuzaji wa teritwari kama Mitwaba.

Woga wetu una historia

Siwasemi wenye maduka kana kwamba woga wao hauna sababu. Wazazi wetu waliona feza ikifa mikononi mwao. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, utawala wa Mobutu ulitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimeondolewa. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kiliwekewa mpaka. Aliyekaa karibu na benki alipanga foleni. Aliyekaa kijijini, akiba yake ikiwa ndani ya kopo au chini ya kitanda, alibaki na karatasi.

Kisha, katika miezi ya mwisho wa 1992 na mwanzo wa 1993, ikaja noti ya zaire milioni 5. Mobutu aliitaka itembee. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema si feza halali. Wauzaji wa Kinshasa wakaikataa. Wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo, walipoona hazinunui kitu, wakaingia barabarani mwishoni mwa Januari 1993, wakapora na kuua. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, ni mmoja wa waliouawa siku hizo. Noti ile haikuchapwa na mwizi gizani. Ilitoka katika benki ya serikali. Lakini soko lilipoikataa, mikononi mwa askari ikawa sawa na ya bandia.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai hawakuitaka, wakaendelea na zaire zao za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100.000. Katika miaka isiyofika 20, mama mmoja mwenye meza sokoni aliona feza ikibadilika mikononi mwake mara tatu, na kila mara wa mbali ndiye aliyechelewa kujua.

Ndiyo maana Mkongomani alikimbilia dola. Lakini alipoikimbilia, alikwenda na woga wa zaire: noti ya zamani itakufa, noti iliyochakaa itakataliwa, usikubali kuwa wa mwisho kubaki nayo. Woga huo kwa zaire ulikuwa akili. Kwa dola ni kosa, kwa sababu dola haifuati sheria ya zaire. Kila noti ya dola iliyotolewa na serikali ya Marekani tangu 1861 bado ni feza halali. Ile ya dola 100 yenye kichwa kidogo cha Franklin, iliyochapwa miaka ya 1980, bado ni dola 100. Noti iliyochanika, ikiwa imebaki zaidi ya nusu na inatambulika, Hazina ya Marekani inaipokea na kuilipa kamili. Mpasuko wa milimita tatu hauondoi hata senti moja.

Najua hakuna mtu wa Mitwaba atakayetuma noti yake Washington. Nataka tu tukubaliane juu ya jambo hili: mwenye duka anapoikataa noti kwa sababu ya mpasuko au mwaka ulioandikwa juu yake, haongozwi na sheria ya Marekani wala ya Kongo. Anafuata desturi ya soko letu, na desturi iliyowekwa na watu inaweza kubadilishwa na watu.

Kidole, mwanga, kuinamisha

Swali la kwanza, lile la ukweli wa noti, lina majibu mazuri, na hayahitaji mashine. Benki Kuu ya Ulaya huwafundisha watu kukagua yuro kwa vitendo vitatu: kugusa, kutazama, kuinamisha. Vitendo hivyo vinafaa kwa dola, na vinafaa kwa franka.

Anza na kidole. Karatasi ya dola si karatasi ya daftari, ambayo hutengenezwa kwa miti. Ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, na ndani yake mna nyuzi fupi nyekundu na bluu. Ndiyo maana dola ikisahauliwa mfukoni na kufuliwa, inatoka ikiwa nzima. Pitisha ukucha juu ya bega la Franklin kwenye noti ya 100: utasikia mikwaruzo, kwa sababu wino umeinuka juu ya karatasi. Noti iliyochapwa na mashine ya ofisi huwa laini mahali pote.

Kisha tumia mwanga. Inua noti kuelekea jua. Kwenye noti zenye kichwa kikubwa, upande wa kulia, penye nafasi tupu, lazima uone sura ya pili, iliyofichwa ndani ya karatasi, ya mtu yule yule aliyechorwa katikati: Franklin kwa 100, Grant kwa 50, Jackson kwa 20, Hamilton kwa 10. Utaona pia uzi mwembamba unaopita ndani ya karatasi kutoka juu hadi chini, ukiwa umeandikwa thamani ya noti.

Hapa pana hila ambayo kila kambisti anapaswa kuijua. Wapo wanaochukua noti ya kweli ya dola 5, wanaisafisha wino kwa dawa, kisha wanachapa juu yake sura ya dola 100. Karatasi ni ya kweli, kwa hiyo kidole kinadanganyika. Ile kalamu ya kukagulia nayo inadanganyika, kwa sababu kazi yake ni kutafuta wanga ulio katika karatasi ya kawaida, na hapo hapana wanga. Lakini inua noti hiyo kwenye jua: juu amechorwa Franklin, ndani umefichwa uso wa Lincoln, au tarakimu 5. Mwanga umemshika mwizi.

Tatu, inamisha. Noti ya dola 100 iliyoanza kutembea Oktoba 2013 ina utepe wa bluu uliofumwa ndani ya karatasi, si wa kubandikwa. Juu ya utepe mna kengele ndogo na namba 100. Ukiinamisha noti mbele na nyuma, picha hizo zinakwenda kushoto na kulia. Ukiinamisha kushoto na kulia, zinapanda na kushuka. Pia kuna kengele iliyochorwa ndani ya kidau cha wino, na namba 100 ya pembeni chini, zote zikigeuka kutoka rangi ya shaba kwenda kijani. Rangi ya shaba, mtu wa Katanga hahitaji kufundishwa.

Mwenye taa ya zambarau ana msaada zaidi. Chini ya taa hiyo ule uzi unawaka: waridi kwa 100, njano kwa 50, kijani kwa 20, machungwa kwa 10, bluu kwa 5, na karatasi yenyewe haing'ai. Tochi ya simu haifanyi kazi hiyo, ila usiku inatosha kuwekwa nyuma ya noti ili kuona sura iliyofichwa na uzi. Noti ya dola 1 haina sura ya ndani wala uzi. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa, na mtu asikataliwe kwa sababu hiyo.

Franka nazo tusizisahau. Noti zetu kubwa zilitoka mwaka 2012: ya 1.000 yenye okapi, ya 5.000 yenye punda milia, ya 10.000 yenye nyati na ya 20.000 yenye twiga. Nazo zina picha iliyofichwa ndani ya karatasi na zina uzi. Njia rahisi ni kuweka noti unayoitilia shaka kando ya ile unayoiamini, ukalinganisha ukubwa, rangi na herufi ndogo. Tazama pia namba. Noti mbili za aina moja zikiwa na namba moja, basi angalau moja ni ya uongo. Wengine husema hakuna atakayejisumbua kughushi franka, maana noti ya 20.000 ilipotoka ilizidi dola 20 na miaka hii haifiki 10. Mimi naona kinyume chake. Noti ambayo hakuna anayeitazama ndiyo rahisi kupitisha.

Babu zetu wa Katanga walikuwa na msalaba wa shaba. Msalaba ulijipima wenyewe kwa uzito wake mkononi, na ukikwaruzwa ulibaki shaba. Hata Katanga ya Moïse Tshombe ilipotengeneza sarafu zake mwaka 1961, iliuweka msalaba huo juu yake. Karatasi haina uzito wa namna hiyo. Thamani yake inasimama juu ya makubaliano ya watu, na makubaliano yasiyo na ujuzi yanageuka kuwa kamari.

Mitwaba inapoteza mara mbili

Turudi sasa Mitwaba. Udongo wa teritwari ile una kasiterite, koltan na dhahabu, kwa hiyo dola zinafika hadi vijijini. Lakini watu wake wamepita mahali pagumu. Eneo lililo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo. Mwaka 2006, mkubwa wa Mai-Mai Gédéon Kyungu Mutanga alijitoa mikononi mwa walinda amani pale pale Mitwaba, na hata baada ya hapo vita vilirudi na watu wakakimbia tena. Mtu aliyekimbia nyumba yake zaidi ya mara moja anaweka akiba mahali atakapoweza kuichukua mbio: ndani ya nguo, ndani ya kopo, ndani ya tundu la ukuta wa udongo. Noti iliyokaa huko inapata unyevu. Inapata alama ya kutu, na mikunjo yake inaanza kukatika.

Noti hiyo ikifika Lubumbashi tunaiita mbovu. Kwa kweli tunamkata mtu yule kwa sababu ya maisha aliyoishi. Noti yake ni nzima kama ya tajiri aliyeihifadhi katika sanduku la chuma.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili inakwenda njia ya kinyume, kutoka mji kwenda kijijini. Fikiri kidogo kama mwizi. Una noti ya bandia, nzuri kwa macho. Utaipeleka wapi? Hutaipeleka katikati ya Lubumbashi kwenye kaunta yenye mashine. Utaipeleka penye taa hafifu, kwa mtu aliyechoka, anayehitaji kulipwa leo, asiye na noti nyingine ya kulinganisha. Na kwa kuwa umemzoeza kwamba noti nzuri ni noti safi, utamletea iliyo safi kabisa. Atafurahi kuipata.

Hivyo noti za uongo zenye sura nzuri zinapata njia ya kupanda kwenda machimboni, na noti za kweli zenye sura mbaya zinashuka mjini kwa hasara. Anayetaka kulalamika, ofisi ya Banki Kuu ya jimbo iko Lubumbashi, na barabara ya kutoka Mitwaba wakati wa mvua kila dereva wa lori anaijua. Nauli na siku za njiani zinaweza kula noti yenyewe.

"Mimi je, nani atanipokea?"

Mwenye duka atanijibu: "Ninaona ni ya kweli, lakini nikiichukua, nani atanipokea?" Jibu hilo ni la haki, na si vizuri kulipuuza. Yeye atakataliwa na muuzaji wa jumla. Muuzaji wa jumla atakataliwa kwenye kaunta. Benki itasema kwamba dola iliyochakaa haiwezi kubadilishwa hapa, maana Banki Kuu ya Kongo haichapi dola. Lazima isafirishwe nje, na kusafirisha kuna gharama. Kila mmoja anamsukumia hasara aliye chini yake, mpaka inamfikia mchimbaji ambaye chini yake hakuna mtu. Mnyororo huu umeshikwa kutoka juu, kwa hiyo lazima ulegezwe kutoka juu.

Ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji miujiza.

La kwanza ni kwa benki za biashara. Ziandike ukutani, kwa Kiswahili, noti gani za dola zinapokea na zipi hazipokei, na kama kuna gharama ya kupokea iliyochakaa, ziiandike gharama hiyo. Leo mtu anakataliwa kwa neno la mdomo, na mpaka wa mpasuko unaokubalika unabadilika kutoka dirisha moja hadi lingine. Hasara inayojulikana mtu anaweza kuipangia bei. Hasara ya kubahatisha inamnufaisha yule tu anayekata.

La pili ni kwa Banki Kuu ya Kongo. Franka ni kazi yake peke yake. Hakuna mwingine mwenye haki ya kuitoa. Kwa hiyo franka iliyooza ni mzigo wake pia. Itume watu katika teritwari, pamoja na noti mpya, wabadilishe zilizochakaa na wakati huo huo wafundishe watu kukagua. Inchi iliyosambaza mashine za kupigia kura mwaka 2018 na tena mwaka 2023 haiwezi kusema kwamba sanduku la noti mpya na picha kubwa za kufundishia haziwezi kufika Mitwaba. Tumeona pia nini hutokea noti mpya zinapokosa kufika. Benki za Goma zilipofungwa mwezi wa Januari 2025, ndugu zetu wa Kivu walibaki na noti zile zile zikizunguka mpaka zichakae, na ugomvi wa kukubali au kukataa ukaingia sokoni.

La tatu ni kwa wanunuzi wa madini na vyama vya wachimbaji. Malipo yafanyike mchana, juu ya meza, mbele ya shahidi. Anayelipwa apewe nafasi ya kugusa, kuinua na kuinamisha kila noti, bila kuambiwa kwamba anamtukana mnunuzi. Namba za noti za dola 100 ziandikwe katika daftari, pande zote mbili zitie sahihi. Daftari na kalamu haviwezi kumshinda mtu anayenunua koltan. Mnunuzi mwaminifu hapotezi kitu kwa utaratibu huo. Anayeukataa amejieleza mwenyewe.

Noti ya bandia ikikufikia

Limebaki jambo ambalo hatupendi kulisema kwa sauti. Wengi wetu, tukigundua kwamba tumepewa noti ya uongo, wazo la kwanza ni kumpitishia mwingine. "Nilidanganywa, na mimi nitadanganya, tutakuwa sawa." Hatutakuwa sawa. Sheria ya Kongo inamwadhibu anayetengeneza noti za bandia, na inamwadhibu pia anayezisambaza akijua. Mbali na sheria, fikiri ni nani atakayeipokea. Katika likelemba ya akina mama kumi, noti moja ya uongo haimwibii mwizi wa kwanza wala haiiibii benki. Inamwibia yule mama ambaye zamu yake imefika, ambaye tayari alikuwa na hesabu ya kila franka: bunga, kodi ya nyumba, dawa.

Kwa hiyo noti ya bandia isimamishwe hapo ilipofika. Kumbuka nani alikupa, siku gani, mahali gani. Usiirudishe sokoni. Ipeleke benki au kwa wenye mamlaka. Nikisema hivyo ninajua watu wengi wanaogopa: mtu anakuja na noti ya uongo kwa moyo safi, anaondoka akiwa mshukiwa, au anaombwa feza ya kweli ili aachwe aende. Wakubwa wa teritwari na wa polisi walifikirie hilo. Mlango ukimtisha anayeleta noti ya uongo, noti zote za uongo zitabaki sokoni. Mtu aliyekuja mwenyewe apewe karatasi inayoonyesha kwamba alileta, asikilizwe, aachwe.

Wakati tunangoja wakubwa, kila mmoja wetu ana kaunta yake, iwe meza ya mihogo au duka la mabati. Kesho mtu wa Mitwaba akikuletea noti iliyokunjwa mara nne, usianze na kingo zake. Ipapase, iinue kwenye jua, iinamishe. Ukiona ni ya uongo, mwambie wazi na umwonyeshe ulichokiona, ili ajue naye wakati mwingine. Ukiona ni ya kweli, na bado unaogopa ule mpasuko, basi angalau mwambie maneno haya kabla hajaenda kwa kambisti: "Feza yako ni ya kweli." Akiyajua hayo, hatakubali kukatwa kama mtu anayeuza karatasi.